Kuni Nilizokukataza Kubeba

Kwako Tata, mama yangu mdogo,

Ninaogopa. Wacha nianze na hilo, maana wewe hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka na maneno. Ninaogopa tangu Jumatatu, na leo ni Ijumaa.

Niko Ruiru, katika chumba changu cha fiziotherapia, kule juu ya duka la dawa za mifugo. Ni saa saba mchana na mgonjwa wa saa nane bado hajafika. Fundi wa kuchomelea milango ya chuma anapiga kelele zake huko chini, kwa hivyo hakuna anayenisikia nikijisemesha. Kesho asubuhi nitaenda Thika, kisha Gatuanyaga, kumpelekea binti yako Njoki kuni. Amejifungua, Tata. Ni msichana. Yule wa kwanza alipewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo kuhusu huyu wa pili hakuna hata aliyeuliza. Ni Wangeci, jina ulilotuachia. Ni wewe. Una siku kumi na mbili, na Njoki anasema una kelele kama zamani.

Wanawake wa kikundi chenu wamekaa wakaamua kwamba mimi ndiye nitakayetangulia. Nibebe tita langu kwa mukwa wako, ule mkanda wa ngozi uliokuwa ukiupitisha kwenye paji la uso huku mzigo umekulalia mgongoni, uliokuachia kile kibonde juu ya nyusi. Nyina wa Kamau, mwenzako wa kikundi, alinipigia simu mwenyewe kunipa habari, tena kwa furaha. Nikasema asante, nikakata simu, nikakaa chini.

Mimi sijabeba kitu kizito kuliko kikombe cha chai kwa miezi saba.

Nilianguka kwenye ngazi za jengo hili hili. Mtu alikuwa ameziosha kwa sabuni akasahau kusuuza. Nilishuka ngazi sita kwa makalio, chupa ya chai mkononi, na nikuambie, chupa haikuvunjika. Mwenzangu wa Thika alinipima, akanipiga picha, akanigonga magoti kwa kile kinyundo, akaniambia, "Mifupa iko sawa. Neva ziko sawa. Hayo mengine unayajua." Ninayajua. Hilo ndilo linalonimaliza. Ninajua kwamba nyama ilipona kitambo, na kwamba maumivu yanaweza kubaki yakipiga kelele hata baada ya kidonda kufunga. Nawaeleza watu hivyo kutoka asubuhi hadi jioni, na wanapona, na wanaleta asante ya ndizi na mayai. Halafu kalamu inaanguka sakafuni, nami nasimama nikiitazama kana kwamba ni nyoka.

Kuna mzee mmoja anaitwa Wafula, mtu wa Bungoma, anayepakia magunia ya unga katika ghala moja hapa Ruiru. Alipokuja kwangu mara ya kwanza alitembea kama mtu aliyejaza mayai mifukoni. Mgongo ulimuuma miaka mitano. Tumelala naye chini, yeye kwenye mkeka wake na mimi kwenye wangu, wiki baada ya wiki, tukisogeza kiuno kidogo kidogo, tukisikiliza. Siku hizi anavaa soksi zake mwenyewe. Juzi alimaliza mazoezi, akafunga viatu, akabaki ameketi.

"Daktari, samahani nikuulize. Mbona kalamu yako ikianguka unaipiga teke mpaka ukutani?"

"Ni mazoea tu, mzee."

"Haya." Akagusa kifua chake. "Na pumzi unashika. Ni wewe ulinifundisha kusikiliza pumzi, sasa siwezi kuacha kuisikia."

Hakusema kwa ubaya. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo ilinivunja. Aliposhuka nilijifungia chooni nikalia mpaka mtu akabisha. Ndipo nilipojiambia kwamba kama kesho nitashindwa kubeba tita moja la kuni, nitaufunga mlango wa chumba hiki na kurudisha ufunguo. Siwezi kuendelea kuwauzia watu ujasiri ambao mimi mwenyewe sina.

Hofu hii ninaijua, Tata. Niliiona kwako miaka minne mizima. Na aliyekupa ni mimi.

Hatukuwahi kuzungumza juu ya siku ile. Acha nikukumbushe, ingawa najua hukuisahau.

Nilizaliwa msichana wa pili, nikapewa jina la mama yenu, Nyambura. Kwa hivyo wewe, mdogo wake mama, hukuwahi hata siku moja kuniita kwa jina. Uliniita Maitu, mama, tangu nikiwa wa kufungwa nepi. Mama alipotutoka nikiwa darasa la tatu ukanichukua, ukanilea pamoja na Njoki, na bado nikawa Maitu. Hata ukitaka kunichapa. "Maitu, hebu niletee ile fimbo." Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Nani anatuma mama yake fimbo ya kumchapia?

Basi nikasoma, nikamaliza, nikaja Gatuanyaga Jumamosi moja nimevaa koti langu jeupe. Hakuna aliyenituma kulivaa. Nililivaa kuanzia Thika, kwenye vumbi lote lile, jina langu likiwa limeshonwa kifuani kwa uzi wa buluu. Uani nikawakuta wanawake wa kikundi wakifunga matita ya itega, kuni za kumpelekea mama fulani aliyekuwa amejifungua. Wewe ulikuwa katikati yao, unakaza kamba kwa goti. Ulikuwa unalalamika kiuno, ndiyo, lakini ulikuwa unakaza kamba.

Mlinishangilia. Mkanipa kiti. Nawe ukaingia ndani ukatoka na picha ya eksirei uliyokuwa umeiweka chini ya godoro, ukanipa mbele ya wote. Nikasimama mlangoni nikaiinua kwenye jua. Mkaacha kamba mkanigeukia. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani.

Nikuambie ukweli ambao sikuujua siku ile, au niliujua nikausahau kwa utamu wa kusikilizwa. Picha ile ilikuwa ya kawaida. Mgongo wa mtu wa umri wako aliyelima maisha yake yote huonekana hivyo, na wengi wenye migongo kama hiyo hawaumwi na chochote. Lakini mimi nilikuwa na koti.

"Pingili zimesagika," nikasema. "Tata, ukijitwika tena tita la kuni, utapooza."

"Wui!" wakasema wote kwa pamoja.

Nyina wa Kamau ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Sasa hilo lake litabebwa na nani?"

Ulinitazama kidogo. Kisha ukafungua mukwa kutoka kwenye tita lako, ukaukunja, ukaenda kuutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Uliporudi ukawaambia, "Maitu amekataa." Hukusema daktari amekataa. Ulisema mama amekataa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana daktari mtu anaweza kumbishia.

Mimi nilidhani utapumzika mwezi, miwili. Wewe ulitii kama mtu anayemtii mama yake, bila kuuliza mwisho ni lini, na mimi sikukuambia mwisho. Ulianza kwa kuacha kuni. Ukaacha maji. Ukaacha jembe, ukaacha kukamua ng'ombe, ukawa unamwita jirani. Ukaanza kuinuka kitini kwa mikono miwili mezani, macho umeyafumba. Ukaanza kulala umeegemea mito. Na maumivu, badala ya kupungua, yakapanda mpaka mabegani. Kila itega ulituma sukari kwa mkono wa mwingine, ukabaki mlangoni ukiwasikiliza wakienda wakiimba.

Njoki alipokuletea mjukuu wako wa kwanza, ulikuwa umeketi. Uliweka mikono miwili mapajani kama sinia ukasema, "Mwekeni hapa, halafu mtu asimame karibu amchukue." Hukuwahi kusimama na yule mtoto. Nilikuwepo, Tata. Nilikuwa mle ndani. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Vizuri, Tata, unajitunza." Nikilikumbuka neno hilo hata leo natamani ardhi inimeze.

Kisha kuna mwalimu mmoja alitufundisha Thika, mama mnene wa sauti ndogo. Alitulaza sakafuni fizio kumi na wawili, watu wazima, na hakutufundisha kugonga wala kuvuta wala kukanda. Alituuliza maswali tu. Kisigino gani ni kizito? Mbavu za upande gani zinasogea ukivuta pumzi? Ukiwaza tu kugeuza kichwa, ni nini kinachokaza kabla hujakigeuza? Nilijiona mjinga kulala pale. Halafu akasema, polepole kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, kwamba mtu aliyetishwa hujikaza, anayejikaza huumia, na anayeumia huamini kwamba kweli alitishwa kwa haki. Na kwamba mara nyingi aliyemtisha ni sisi.

Nilitoka nje nikatapika kwenye maua. Wenzangu walidhani ni mayai ya asubuhi.

Jumapili iliyofuata nilikuja kwako na mkeka. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, nakuapia. Nilijizoeza maneno njia nzima. Lakini ulinitolea chai, ukaniita Maitu, nikasema, "Tata, nimejifunza mazoezi mapya." Mwoga ni mwoga.

"Lala chini," nikakuambia.

"Hii ndiyo kazi tulikusomeshea? Kulaza wazee chini?"

Ilikuchukua muda mrefu kufika chini ile siku, na muda wote hukuvuta pumzi. Nilikuuliza ni wapi mgongo wako unagusa mkeka. Ukanijibu, "Unagusa penye unagusa." Mbuzi akaingia akatunusa wote wawili. Nikakuomba usogeze kiuno kiasi cha punje ya mahindi tu, mbele na nyuma, na ikiuma upunguze iwe nusu punje. Ukasema nusu punje si kazi. Lakini ulifanya. Na Jumapili ya tatu ukagundua mwenyewe, mimi sikukuambia, kwamba unashika pumzi kila unapotaka kusogea. "Haiya, Maitu. Hata kabla sijatikisika, nimeshajifunga!" Ulilala pale ukicheka mpaka machozi yakaingia masikioni.

Nilikueleza habari ya kamsa, ile kengele ya hatari ya mwili, kwa kutumia mbwa wako. Unakumbuka baada ya wezi kuchukua wale mbuzi wawili, mbwa akawa anabwekea kila mtu, hata padri, hata wewe ukitoka chooni? Wezi walishakwenda, lakini yeye hakuambiwa. Nikasema mwili nao huwa hivyo.

"Kwa hivyo unaniambia mgongo wangu ni mbwa."

"Si hivyo, Tata."

"Ni sawa. Mbwa hapigwi. Anazoeshwa watu polepole."

Sijawahi kusikia mtu akiieleza kazi yangu vizuri kuliko hapo. Nawaambia wagonjwa maneno hayo mpaka leo, na sisemi ni ya nani.

Uliokota kiazi kimoja shambani, ukaja kunionyesha kama mtoto aliyefaulu mtihani. Ukarudi kukamua. Kuinuka sakafuni ulijifunza kutoka kwa mjukuu wako, ukimtazama anavyogeuka: macho yanaenda kwanza, kichwa kinafuata macho, bega linafuata kichwa, na kiuno kinajiletea chenyewe bila kuitwa. Mwaka uliofuata ukaenda nyuma ya mlango wa jikoni ukautoa mukwa kwenye msumari. Vijiti vitano. Nyina wa Kamau aliuliza kama unapeleka kuni au miswaki. Ukaenda navyo, ukiimba, mpaka kwa mama aliyejifungua, na mimi nyuma yako nikitetemeka kuliko wewe.

Jioni ile ulikuwa unakunja mukwa, mgongo umenipa, ukasema tu, "Ile siku ulikuwa mtoto na koti." Basi. Ukaenda kuwasha moto. Mlango uliufungua wewe mwenyewe, Tata, na hata hapo sikuingia. Nilisema, "Wacha nikuletee maji."

Halafu kifua kikakuchukua, msimu ule wa baridi, kwa siku nne tu. Watu matangani walisema ni mgongo. Niligombana nao, Tata, niligombana na mchungaji na wazee wawili, Njoki akanivuta kwa kitambaa. Ni kifua, niliwapigia kelele, si mgongo, mgongo alikuwa ameushinda! Nadhani waliona ni uchungu. Ulikuwa ni uchungu, lakini pia ilikuwa ni hofu kwamba huenda mahali fulani, kwa njia nisiyoijua, ni mimi.

Na sasa niko hapa. Kila nikitaka kuinama nasikia mtu akiniambia utapooza. Nimejaribu kila ninachofundisha. Nusu punje. Robo punje. Nikiwa peke yangu mkekani ninaweza. Nikisimama mbele ya kitu cha kuinua, siwezi. Kesho kuna kuni, na wanawake wote wale, na wewe wa siku kumi na mbili ukingoja.

Nasikia viatu kwenye ngazi. Mgonjwa wa saa nane ni Wafula. Naacha hapa.

*

Tata, ni Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Niko kwako, kwenye ile benchi yako ya kumenyea viazi. Njoki anaishi hatua chache kutoka hapa lakini nimeomba nije huku nimalize.

Siku hizi kuni hazitoki msituni. Pikapu ilizishusha dukani, pale kona, na kutoka hapo hadi kwa Njoki ndipo tunajitwika, kwa heshima tu, hatua kama mia tatu. Nyina wa Kamau alinipa mukwa wako. Una doa jeusi katikati, pale jasho lako lilipoingia kwenye ngozi. Tita langu lilikuwa dogo kuliko ya wengine. Alikuwa amelipunguza kabla sijafika, akidhani sitagundua.

Nilichuchumaa. Nikaupitisha mukwa kwenye paji. Na ile sauti ikaja, utapooza, na safari hii niliisikia vizuri kwa sababu wanawake walikuwa wamenyamaza wakiningoja. Ilikuwa sauti ya msichana. Ilikuwa na majivuno kidogo. Ilikuwa yangu, Tata, ya siku ya koti. Miezi saba nimekuwa nikiogopa maneno niliyokupa wewe, na wewe uliishi nayo miaka minne bila kunirudishia hata mara moja.

Nilisimama nalo. Wakapiga vigelegele. Nilitembea mpaka ule ua wa kaiyaba, hatua thelathini labda, jasho likiingia machoni, pumzi nimeishika kama mtu aliye chini ya maji. Halafu miguu ikakataa. Sikuanguka, lakini nilishuka chini na tita, na wimbo ukakatika.

Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, mimi wa kliniki ya Ruiru, "Naogopa. Siwezi."

Nilingoja wacheke. Nyina wa Kamau alilinyanyua tita langu, akaliweka juu ya lake, akanung'unika kwamba wasomi hata kuni zao ni nyepesi. Kisha akasema, kwa wale wengine wala si kwangu, "Hata Wangeci alianza na miswaki. Imbeni, jua linapanda." Nikatembea nyuma yao na mukwa mtupu mkononi mpaka langoni.

Chumba cha Ruiru sitakifunga. Niliapa nikishindwa nitarudisha ufunguo, na nimeshindwa, lakini nilikuwa tayari nimelisema lile neno barabarani na anga halikuanguka. Jumatatu nitamwambia Wafula kwa nini kalamu hupigwa teke. Lakini hayo siyo niliyokuja kukuambia.

Ndani viti waliachiwa wazee, sisi tukakaa mkekani. Baada ya chai wanawake wakatoka kupanga kuni. Njoki akaja akakuweka mikononi mwangu, nikiwa nimeketi, mikono mapajani kama sinia. "Shika Wangeci, nakuja," akasema, akaenda zake bafuni. Hakukuwa na mtu mwingine. Nawe ukaanza kulia.

Nilikutikisa, ukalia zaidi. Nilikuimbia, ukalia zaidi. Ulitaka kutembezwa, kila mtoto anataka hivyo, na mimi nilikuwa chini na mlango ulikuwa mbali. Nikataka kuita mtu. Nilifungua mdomo niite mtu asimame karibu akuchukue, na nikakukumbuka wewe ukisema maneno hayo hayo.

Niliogopa. Si kuogopa kuumia tu. Niliogopa kukuangusha.

Macho kwanza. Niliutazama mlango. Kichwa kikafuata, halafu bega, na kiuno kikaja chenyewe. Goti chini. Mkono mmoja sakafuni, mwingine umekukamata kifuani. Ile sauti ikaanza, na nilipoisikia nilikuwa tayari nimefika katikati, nikaachia pumzi, nikasukuma. Iliuma, Tata. Sitakudanganya. Iliuma na nikasimama.

Nilikubeba hadi mlangoni, penye jua. Ulinyamaza, ukanikunjia uso kama ulivyonikunjia nikichelewa kutoka shule. Nje walikuwa wanabishana kuhusu kuni mbichi na kuni kavu, hakuna aliyetuona. Nikaweka mdomo karibu na sikio lako, nikakuambia nililoshindwa kukuambia Jumapili zote zile, na chai yote ile, na jioni ile ya mukwa.

"Nilikosea. Mgongo wako ulikuwa mzima. Ungeweza kubeba, mimi ndiye niliyekutisha. Nisamehe."

Ukapiga chafya. Bado ninaogopa, na mgongo unauma ninavyoandika. Lakini Njoki amesema nije kesho baada ya kanisa nikubebe tena, na nimekubali.

Pumzika huko uliko, Tata, na hapa ukue vizuri.

Ni mimi,
mama yako wa jina.